Sanduku Nyuma ya Kanisa

Kilichoanza ni harufu, na harufu yenyewe ilikuwa nzuri, ndiyo maana hatukushtuka mapema. Elizabeti, mke wa Asheri, alikuwa anafagia makaburi nyuma ya kanisa, jua la utosi, mara pua yake ikapata marashi. Marashi ya mawaridi, yale ya kunyunyizwa harusini. Akasimama na ufagio wake. Mwaka ule wa misako ya walanguzi Kwemdimu nzima tulikuwa tunaogea majani ya mpapai, na sabuni ukiiona basi umeiota. Nani basi wa kupata marashi, na akishayapata aje kuyamwaga makaburini?

Akaenda kumwambia mumewe. Asheri alikuwa mwalimu wa dini hapo kijijini, ndiye aliyetuongozea sala kila Jumapili, kwa kuwa Padri alikaa Muheza na petroli haikuwapo. Alikuwa amejilaza barazani, hoi, kama sote tulivyokuwa hoi.

"Mume wangu, kule nyuma kunanukia."

"Kunanukia nini?"

"Mwanamke."

Asheri akajifunika uso kwa kofia. "Elizabeti, hebu niache nipumzike."

Lakini hakupumzika, kwa sababu alijua kilichofukiwa kule. Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, bila hivyo hamtaelewa kitu.

Walikuwa wamekuja mtu na mkewe kutoka Ngamiani, Tanga mjini. Mume anaitwa Idarusi, kibarua wa kiwanda cha sabuni. Mke anaitwa Sabra, mwanamke mpole, sauti yake haitoki mdomoni. Walimwamkia Asheri shikamoo, wakakaa mkekani, wakaomba jambo ambalo hapa hatukuwahi kuombwa: kaeneo kadogo katika uwanja wa kanisa, wafukie sanduku.

"Sanduku la nini?" Asheri akauliza.

"La marehemu mama mkwe," Idarusi akasema. "Mwatumu. Nguo zake, bakora, kombe, vichupa vya marashi. Alikuwa na wake, mzee."

Mtu wa pwani akikwambia fulani alikuwa na wake, huulizi wake nani. Mwatumu alikuwa na jini, na vile vilikuwa vitu vya huyo jini. Amekufa, jini hajafa, na sasa anamtaka Sabra awe kiti chake, amkalie mwilini. Sabra amekataa. Tangu akatae kila mimba inatoka, na aliyokuwa nayo siku ile aliishika kwa mikono miwili kana kwamba itamwagika. Bi Mastura, mganga wao, alikuwa amewaambia walipeleke sanduku kwa watu wa dini nyingine, mahali ambapo hana ndugu wa kumfukizia ubani. Ila waombe ruhusa kwa wenyewe. Wakilifukia kwa kuiba, litafika nyumbani kabla yao.

Basi ikawa kutafuta ruhusa, na ruhusa zama zile, ndugu yangu, ilikuwa ugonjwa. Asheri akawapeleka kwa wazee wa kanisa. Wazee wakasema lazima balozi wa nyumba kumi ajue. Balozi akasema hilo ni la dini, yeye ni wa chama, waende kwa Padri. Idarusi akapanda baiskeli mpaka Muheza, akamkuta Padri anatetemeka kwa malaria ndani ya blanketi. Padri akasikiliza nusu, akasema, "Kama si maiti wala si bunduki, wazee waamue wenyewe, mimi mniache." Idarusi akarudi kwa wazee, mguu umemvimba. Wazee wakakaa wakakohoa, kila mmoja akamwachia mwenzake kusema hapana. Ndipo Idarusi akafunua kikapu. Mche wa sabuni juu ya mche wa sabuni.

Wazee wakaitazama ile sabuni. Msitucheke. Ninyi hamjavaa shati lililofuliwa kwa majivu hadi likakwaruza shingo. Ruhusa ikapatikana.

Shimo lilichimbwa asubuhi, pembeni ya ukuta, kando ya makaburi. Sabra akaliweka sanduku ukingoni, akapiga magoti, akasema kwa sauti ile ile ndogo, "Hodi."

Kimya. Akasema tena, "Hodi."

Sasa lazima mumjue Asheri. Huyu ni mtu ambaye mwizi akipiga hodi kwake atamwambia karibu, kisha amtafutie kigoda. Hodi isiyojibiwa ilimuuma kama jino. Akamtazama yule mtoto wa watu amepiga magoti, yatima, na mimba yake, anabisha mahali ambapo hakuna wa kumjibu, na huruma ikamshika.

"Karibu," akasema. "Karibu sana. Hapa ni kwenu."

Idarusi akaliacha jembe likaanguka. Sabra akajiziba mdomo kwa kanga. Asheri akadhani analia msiba wa mama yake, akampa pole. Wakafukia haraka haraka, wakaondoka, hata maji ya kunywa waliyokaribishwa hawakuyagusa.

Haikupita muda Lea akaja. Lea ndiye mtoto pekee wa Asheri na Elizabeti, aliyebaki baada ya wengine wote kuzikwa. Alikuwa ameolewa Korogwe, na mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi yetu, akaja kujifungulia kwa mama yake. Tumbo lilikuwa limeshatangulia mbele. Tulifurahi sana. Elizabeti akatenga kipande cha sabuni kwa ajili ya mjukuu, akakificha ndani ya mtungi.

Na ndipo ile harufu ilipohama. Ilitoka makaburini ikaja uani, ikatoka uani ikaja ukumbini. Elizabeti akawa anasikia bangili, mchana kweupe, saa ile ambayo hata kuku wamejificha kivulini: cheng, cheng, mtu anapita ukumbini polepole, mtu asiye na haraka wala kazi. Akitoka kutazama hakuna mtu. Siku moja akasikia mlangoni, "Hodi wenyewe," sauti ya mwanamke wa mjini, ya kudeka. Elizabeti hakujibu. Aliyejibu alikuwa Lea, kutoka chumbani. Alijibu kwa sauti ile ile.

"Starehe," Lea akasema. "Nimeshaingia."

Elizabeti akaingia mbio, akamkuta mwanawe ameketi kitandani mgongo umenyooka, amejitanda kanga kichwani kama wanavyojitanda bibi za mjini, Lea huyu ambaye tangu azaliwe amekaa kibondei chetu, miguu mbele, kichwa wazi, na macho yake yalikuwa yanamtazama mama yake kwa adabu ya mgeni, na mkono wake mmoja ulikuwa unalipapasa tumbo taratibu, unalizunguka, kama mtu aliyeko sokoni anavyolipapasa papai kujua kama limeiva, na chumba kizima kilikuwa kinanukia mawaridi mpaka koo linakaba.

"Lea!"

"Lea kapumzika," akajibiwa. "Mwite mwenyeji wangu."

Asheri akaja. Alisimama mlangoni na kitabu chake cha sala, akasali. Akasali kweli kweli, kwa moyo, jasho likimtoka, na sisi majirani tuliosimama uani tukaitikia amina, na kila tulipoitikia, sauti moja ya ndani ya chumba iliitikia pamoja nasi, tamu, haina haraka, na tukawa tunapunguza amina zetu mmoja mmoja hadi ikabaki ile ya ndani peke yake.

"Kwani nani kakwambia mimi simjui Mungu?" akamwambia Asheri. "Nalipiga hodi, nawe ukanijibu. Kule kwa Sabra nalikaa miaka sijaambiwa karibu hata siku moja. Wewe waniambia hapa ni kwenu. Sasa wanisomea mimi, mgeni wako?"

"Unataka nini kwa mwanangu?" Asheri akanong'ona.

"Sitaki kitu kwa mwanao. Nasubiri huyu wa ndani. Mtoto mchanga hukaa vizuri, hana mawazo."

Elizabeti akaanguka pale pale ukumbini. Asheri hakumwinua. Alikwenda akachukua baiskeli ya jirani bila hata kuomba, akashika njia ya Tanga.

Alimkuta Sabra Ngamiani, amekaa uani anachambua mchele wa kupanga foleni. Amenawiri. Mimba imekaa. Alipomwona tu Asheri akajua, ungo ukamwagika.

"Baba, nisamehe."

"Nikusamehe nini, mwanangu? Niambie."

Sabra akalia. Bi Mastura alikuwa amewaambia: ukipiga hodi, asijibu mtu aliye hai. Waachiwe wenyewe wa chini, hao waliozikwa. Wao wangemshika asitoke tena.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, baba? Wewe ni sawa na mzazi wangu, na uwanja ni wako. Nikutazame usoni nikwambie unyamaze kwako?"

Asheri alitaka kukasirika, akashindwa. Hata Lea asingesema. Yeye mwenyewe alimlea hivyo, kwamba mkubwa haamrishwi. Akakaa chini karibu na mchele uliomwagika, akaanza kuuokota, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake.

"Mlichukue sanduku lenu," akasema mwishowe.

Sabra akashika tumbo lake. Asheri hakurudia. Angelisemaje tena? Alikuwa anamwomba mtoto wa watu amtoe wake ili wa kwake apone.

Bi Mastura alikuja kesho yake kwa lori la nazi, mwanamke mnene, mfupi, ameshachoka na majini kuliko walivyochoka nao wenye kuugua. Hakuuliza maswali mengi. Alasiri, uchungu wa Lea ulipokuwa umeanza na mkunga ameshafika, akawasha chetezo mlangoni pa chumba, ubani ukapanda. Wazee wa kanisa walikuwapo uani. Hakuna aliyefungua mdomo kusema habari ya ushirikina, mashati yao yote yalikuwa meupe kwa sabuni ile.

"Toka," Bi Mastura akasema. "Umepumzika vya kutosha."

"Wewe Mastura hapa si kwako," sauti ikajibu katikati ya uchungu, na kilichotutisha zaidi ni kwamba tulikuwa tunamsikia Lea akilia na yule mwingine akizungumza kwa wakati mmoja, kinywa kimoja, kilio chini na maneno juu, na maneno hayakukatika hata uchungu ulipopanda na mkunga akapiga kelele kwamba kichwa kinaonekana. "Aliyenikaribisha ndiye wa kuniaga. Na mimi sitoki kwenda njiani. Aseme yeye, niende kwa nani?"

Bi Mastura akamgeukia Asheri. Akamwambia kwa sauti ya chini, wala hakumficha, "Kweli anavyosema. Mimi hapa sina nguvu. Lazima umtajie mtu, na umtaje sasa hivi. Mtoto akilia tu, keshakalia kiti chake."

Asheri akatuangalia pale uani, mmoja mmoja. Nakwambia kweli, tuliinamisha macho. Kila mtu aliyatazama mavumbi ya miguu yake. Niliogopa kutajwa kuliko nilivyowahi kuogopa kifo.

"Na Sabra je?" mzee mmoja akanong'ona. "Si wake huyo?"

"Sabra ana mimba," Asheri akasema.

Akaingia chumbani, mahali ambapo mwanamume haingii saa ile, akapiga magoti pembeni ya kitanda. "Karibu kwangu mimi," akasema. "Mimi mwenyewe, Asheri. Muache mtoto."

"Wewe mzee, umechoka. Nitakaaje kwa mtu mkavu hivi?"

"Ndivyo nilivyo. Sina kingine."

Yule akacheka kidogo. "Nimekubali. Ila mimi ni mwenye wivu, mwenyeji wangu. Huyu mtoto nilikuwa nimeshampenda. Siku utakayomgusa, hata kwa kidole, nitapita kwenye mkono wako niende kwake. Sitapiga hodi."

Kisha mtoto akalia. Sauti ya mtoto, ya mtoto tu. Lea akamwita mama yake kwa Kibondei, na Elizabeti akalia kwa nguvu mpaka Bi Mastura akamshika. Asheri alitoka nje ananukia mawaridi. Alitupita bila kututazama, akaenda kukaa nyuma ya jiko, akasema amesikia njaa.

Tangu siku ile hakuongoza sala tena. Wazee hawakumkataza, yeye mwenyewe hakuja. Tulisikia Sabra kajifungua salama, mtoto wa kike. Mambo ya nchi nayo yakageuka, kukawa ruksa, mitumba ikajaa sokoni na sabuni za kila rangi, na watu wakaanza kusahau.

Lea hakumweleza mwanawe chochote. Angemweleza nini mtoto wa umri ule? Alipoanza kutembea walikuja kusalimia, nami nilikuwapo, nimekuja kuazima panga. Mtoto akamwona babu yake ameketi kwenye kigoda. Watoto wanajua nani anawapenda, huwadanganyi. Akaondoka mikononi mwa mama yake akaenda tege tege, anaanguka, anainuka, mikono imenyooka mbele, anacheka, "Babu! Babu! Nibebe!"

Asheri aliruka kigoda kikapinduka. Akaificha mikono yake mgongoni, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Toka!" akampigia kelele. "Toka hapa! Nenda kwa mama yako!"

Mtoto akaketi mavumbini, akaangua kilio. Lea akamkimbilia, akambeba, akamfuta machozi.

"Nyamaza baba, nyamaza," akambembeleza. "Babu hapendi watoto."

Asheri alisikia. Akatikisa kichwa kukubali.