Kahawa ya Mzee Ghattas

King'ora kilipolia, soko la Wadi Nisnas, mjini Haifa, lilimwagika kama gunia la choroko lililopasuka. Sawsan akajikuta chini ya ngazi za duka la mikate, gauni lake la manjano limeshika chokaa, kabanwa na kijana aliyekumbatia tikiti maji.

"Samahani dada, tikiti langu linakusukuma."

"Lisogeze basi. Au nalo linaogopa?"

"Linaogopa kuliko mimi."

Kishindo kikatikisa taa. Watu wakaomba, kila mmoja kwa lugha yake.

"Kitendawili," Sawsan akasema, ili asitetemeke. "Mgeni wangu hapigi hodi, akiingia mahasimu hukaa chumba kimoja."

"King'ora."

"Umepata. Ungeshindwa ningekudai mji."

"Mji gani?"

"Huu huu. Si ndio tunaougombania?"

Aliitwa Yotam, Myahudi, fundi wa lifti. Sawsan, Mpalestina, alikuwa muuza dawa, na shangazi yake alikuwa Gaza, simu haipatikani. Zikaanza simu za asubuhi kati yao wawili.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula sauti yako. Haishibishi."

Wakacheka, lakini kila simu ya Yotam ilipoita wakiwa pamoja, Sawsan aliruka. Jeshi lilikuwa linawaita askari wa akiba mmoja mmoja, na zamu ya Yotam ilikuwa njiani.

"Njoo useme na baba, unipose, kabla hawajakuita," akamwambia.

Akaja, shati jeupe limenyooka. Mzee Ghattas akammiminia kahawa chungu yenye hiliki. Yotam, kwa adabu za kwao, akaipiga funda moja, akasifu, akaomba nyingine. Uso wa mzee ukakunjana. Akaongea habari za ndimu mpaka kijana akakosa pa kuingilia, kisha akamsindikiza mlangoni.

"Amekunywa, binti yangu," akasema jikoni. "Mwenye haja huiweka finjani chini mpaka ajibiwe. Huyu alikuja kusalimia tu."

Kijana aliyekulia Haifa, nani angedhani hajui? Sawsan akaacha kupokea simu zake.

Halafu jamaa za waliouawa vitani, Wayahudi na Wapalestina, wakaenda pamoja kwa waziri mmoja. Mzee Ghattas, aliyemzika kaka yake, alikwenda na Sawsan. Yotam alikuwepo, kamshika mkono mama yake, ambaye kifungua mimba wake hakurudi kutoka vitani. Kahawa ikaletwa. Mzee akaiweka finjani yake mezani, na wenzake wakafanya vilevile.

"Mheshimiwa, hatunywi mpaka utuahidi. Kaeni na viongozi wa Wapalestina, mzungumze, watoto wasiuawe tena, wa kwao wala wa kwenu. Na wale wa upande wa pili tumewapelekea neno hili hili."

Yotam akanong'ona, "Mbona hawanywi?"

"Wana ombi," Sawsan akajibu bila kumtazama. "Ukinywa kabla ya jibu, umeliacha ombi lako. Hujui?"

Yotam akapauka. "Sawsan. Mimi nilikunywa mbili."

Sawsan akauma mdomo, asijue acheke au alie.

Waziri akasema jambo ni gumu, akatazama saa, akatoka kwa mlango wa nyuma. Finjani zikabaki pale, kahawa imefanya utando. Hakuna aliyezigusa.

Jioni hiyo Yotam akagonga kwa Mzee Ghattas. Akamiminiwa. Akaiweka chini.

"Itapoa hiyo," mzee akasema.

"Na ipoe, mzee wangu."

"Una haja gani?"

"Binti yako."

"Mwanangu, wale wakubwa wakikataa kuketi, nawe ukaitwa vitani, huyu utamwacha kwa nani?"

Kabla Yotam hajajibu, simu yake ikaita. Sawsan, aliyesimama mlangoni, aliiona namba, na Yotam aliiona. Ilikuwa ya jeshi. Ikaita, ikaita. Yotam akaigeuza kifudifudi kando ya finjani.

"Siendi, mzee. Wanifunge wakitaka. Ombi langu ni lile lile."

Mzee Ghattas akamtazama binti yake. Sawsan akatikisa kichwa kukubali.

"Basi kunywa," mzee akasema.

Yotam akainua finjani kwa mikono miwili. Simu ilikuwa bado inaita, na nje, kwenye mlima ulio juu ya mji, king'ora nacho kikaanza.