Mayai Kwenye Lundo la Miiba

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo na kugombania ndoo na binamu yake, Kiroboto alichukua mkasi mkubwa wa bustani akaenda kwenye ua. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuwahi kukaa kitako hata chai ikapoa. Ua wenyewe ulikuwa wa vichaka vya miiba, uliotenganisha bustani za watu na msitu, na shangazi yake ndiye aliyeajiriwa kuutunza.

Shangazi alikuwa na kanuni zake. Ua haukatwi wote mwaka mmoja. Hukatwa kwa zamu, kipande kwa kipande. Kipande cha kupumzika alikifunga vitambaa vyekundu. Humo, kwapani mwa miiba, kipepeo mkia-uzi hutaga mayai meupe, madogo kama punje za chumvi. Kwingine watu walinyoa nyua zao kila mwaka kama vichwa vya watoto wenye chawa, na kipepeo huyo akatoweka. Hapa ndipo alipobaki.

Asubuhi hiyo Shangazi alikuwa ukingoni mwa msitu, akipunguza matawi ili jua lifike vichakani. Kiroboto alimaliza kipande chake, akarudi nyuma kutazama. Upande mmoja ulinyooka kama rula. Upande wa vitambaa ulisimama timtim kama nywele za mtu aliyekurupushwa usingizini.

"Nusu kinyozi, nusu kichaa!" akacheka binamu yake, binti wa Shangazi aliyeitwa Kinanda, maana ukimgusa tu anatoa sauti. "Wapita njia watasema ulichoka."

"Mimi? Nichoke?"

Sifa zimewamaliza wakubwa, sembuse Kiroboto. Alifungua vitambaa, akakata. Alikata mpaka ua wote ukawa sawasawa. Mtunza bustani wa jirani akapita na mkokoteni, akazoa matawi, akayapeleka kwenye shimo la kuchomea taka.

Tawi moja lilikuwa limebaki chini. Kiroboto aliliokota. Kwapani mwa mwiba aliona punje nyeupe. Akaona nyingine. Mkasi ukamponyoka.

"Nyamaza," Kinanda akanong'ona, yeye ambaye hata usingizini huongea. "Yakishachomwa, nani atajua? Mama atadhani wameharibu mbuzi."

"Mbuzi gani anakata kwa rula?"

"Basi kamwambie! Uone!"

Hilo ndilo lililomtisha. Shangazi hakuwa mtu wa kupiga. Akikasirika hunyamaza, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko fimbo. Huenda angemnyang'anya mkasi. Huenda angemrudisha kwao. Kiroboto alikaa chini. Kisha akasikia harufu ya karatasi inayoungua.

Alikimbia kumtafuta Shangazi. Njia ya msituni ilikuwa na giza, mizizi ikimtega kana kwamba nayo ilitaka asifike. Mbele alisikia panga: kwa! kwa! Kila pigo lilimtua kifuani.

"Shangazi! Nimekata pa vitambaa. Matawi yako shimoni. Wanawasha moto!"

Panga likasimama. Shangazi akamtazama. Kiroboto alitamani ardhi ipasuke immeze. Mara Shangazi akatupa panga, akakunja kanga kiunoni.

"Umesimama unangoja nini? Kimbia!"

Walipofika, moto ulikuwa umeshika ukingo mmoja wa lundo. Mtunza bustani aliruka pembeni alipomwona mama mzima akivuta miiba kwa mikono mitupu.

"Dada, umerogwa?"

"Lete maji kwanza, mengine utauliza baadaye!"

Waliuzima. Matawi machache yaliungua, na Kiroboto alilia kwa kila moja. Yaliyopona waliyachambua mpaka vidole vikatoka damu, kisha wakayafunga kwa uzi kwenye vichaka vilivyo hai, ili viwavi wakianguliwa wapate majani mabichi ya kula. Kinanda naye alishika uzi, kimya kabisa.

Hata hivyo hofu haikumwondoka Kiroboto. Je, yakikauka? Kila siku kabla ya shule alikwenda kuchungulia, roho mkononi. Punje zilibaki punje. Mvua zikaja, machipukizi yakatoka, na asubuhi moja aliona jani limetobolewa. Chini yake alilala kiwavi wa kijani, mnene kidogo tu kuliko uzi. Kando yake, mwingine.

"Shangazi! Wanakula!"

Shangazi aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamshika Kiroboto bega.

"Ulipokuja mbio siku ile, nilikuwa na hasira za kupasua jiwe. Lakini ungekuja kesho yake, ningefanya nini na majivu? Kosa likisemwa mapema, mwanangu, huwa bado lina dawa. Na kazi nzuri si ile inayong'aa machoni mwa wapita njia. Kazi nzuri huangalia kwanza nani anaishi humo ndani."