Kikuukuu Kirudi Stoo

Hivi gari lenu likishazimwa, ule mlio wa chuma kinachopoa, ti... ti... ti, huwa mnausikia wapi? Nje, si ndiyo? Pale lilipoegeshwa. Hongereni sana. Kwa akina Digrii ulisikika ndani, nyuma ya mlango wa stoo, chumba kinachopakana ukuta na kitanda cha mama.

Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri. Digrii alikuwa ametoka kumshusha mama garini, amemlaza, yuko magotini akizisaka ndala zake chini ya kitanda, ndipo akausikia. Ti... ti. Akatega sikio. Ti. Akatoka nje, akaweka kiganja juu ya boneti. Gari lililotoka kukimbia saa moja na nusu juani lilikuwa baridi kama tumbo la chura. Akarudi ndani, akaweka kiganja kilekile kwenye mlango wa stoo. Akakitoa upesi. Mlango ulikuwa unaunguza.

“Umezipata?” mama akauliza kutoka kitandani.

“Nini, mama?”

“Ndala zangu.”

“Bado.”

“Basi mwambie asubiri.”

Digrii hakuuliza nani. Kuna maswali mtu huyaacha yapite kama mbwa asiyemjua.

Jina hilo la Digrii alipewa na majirani, na si kwa mapenzi. Binti huyu alisomea uhandisi wa mitambo, akafaulu vizuri, akarudi nyumbani na cheti kilichopigwa plastiki, na tangu siku hiyo simu yake haijapokea barua ya kazi isipokuwa zile za we regret to inform you. Wana-regret kila wiki, wana-regret mpaka Krismasi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulia. Kwa hiyo kazi yake ikawa kumwendesha mama. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mama alipaswa kulala kwenye mashine ya kusafisha damu, maana figo zake zilikuwa zimesalimu amri. Mashine hiyo ilikuwa mji wa pili. Nyingine ilikuwepo mitaa miwili tu kutoka kwao, katika zahanati, imefunikwa plastiki mwaka wa tatu sasa, ikisubiri kipuri kimoja. Kimoja! Ukiuliza unaambiwa mchakato unaendelea. Mchakato una miguu mifupi kweli.

Basi uhai wa mama ukawa umening'inia kwenye gari lenye umri mkubwa kuliko dereva wake. Gari dogo jeupe, milango minne, wenyewe waliliita Bibi Harusi kwa sababu siku baba alipolinunua, likiwa tayari limetumika, liling'aa. Bibi harusi gani huyo sasa? Meno yameng'oka, magoti yanalia, kila asubuhi anataka abembelezwe. Fundi wake aliitwa Daktari, kwa kuwa aliegemeza mpini wa bisibisi sikioni, ncha yake kwenye injini, akafumba macho na kusikiliza kama anayepima mapafu.

“Pampu ya mafuta,” alisema Jumatano ile.

“Wiki iliyopita ulisema plagi,” Digrii akamkumbusha.

“Plagi ilikuwa dalili. Ugonjwa wenyewe ni pampu.”

“Na wiki ijayo?”

“Wiki ijayo tumwachie Mungu.”

“Mungu hajasomea magari.”

“Na wewe uliyesomea, mbona unaniita mimi?”

Baba alicheka mpaka akakohoa, kisha akanyoosha mkono, kiganja juu, bila kusema neno. Daktari akaifuta pampu mbovu kwa kitambaa, akaiweka kiganjani. Ndivyo walivyofanya kwa miaka kumi na minne. Baba alikuwa mtunza stoo wa kiwanda maisha yake yote ya kazi, na huko kulikuwa na sheria moja: kikuukuu kirudi, ndipo kipya kitoke. Hupewi beringi mpya mpaka ulete iliyokufa, la sivyo mafundi wataiba mpaka paa. Kiwanda kilikufa, sheria akaja nayo nyumbani. Kila kilichong'olewa kwenye Bibi Harusi kilifungwa lebo kwa uzi, jina na tarehe kwa mwandiko wake wa herufi zilizosimama wima kama askari, kikapangwa stoo. Na kwa sababu alikuwa mtu wa mpango, alivipanga kama vinavyokaa garini: vya mbele upande wa dirisha, vya nyuma upande wa mlango, matairi pembe nne. Hata injini ya kwanza ilikuwamo. Watu wanne waliibeba, mmoja akateguka kiuno.

Digrii ndiye aliyeona hesabu imekataa. Kila kipuri kilipotoka garini na kuingia stoo, gari lilizidi kufa na stoo ikazidi kupata nafuu. Pampu ile, iliyokauka hata Daktari akaipuliza kama filimbi, asubuhi yake ilikuwa inadondosha petroli mbichi sakafuni, tone, tone. Harufu ikajaa nyumba nzima, ikaingia kwenye chai, kwenye mito, kwenye nywele. Saa ya dashibodi, iliyosimama tangu Digrii akiwa darasa la sita, ilikuwa inatembea. Akatazama waya zake. Zilining'inia, hazikushikana na kitu.

Alhamisi Bibi Harusi alizimika katikati ya njia, wakasukumwa kurudi nyumbani, na mama hakusafishwa damu. Jioni miguu yake ilivimba, ukibonyeza kidole panabaki shimo. Muuguzi akasema kwa simu: wakikosa na Jumamosi, maji yatapanda kwenye mapafu.

“Mwanangu,” mama alinong'ona usiku ulipoanza kuingia, “dereva wenu mpya ana adabu.”

“Dereva gani, mama?”

“Huyu wa chumba cha pili. Anabisha ukutani, ananiuliza, mama, uko tayari? Ninyi hamniulizi. Ninyi mnanibeba tu kama gunia.”

Digrii hakuwa mtu wa waganga. Lakini mwenye mgonjwa hachagui mlango wa kubisha. Ijumaa mchana aliletwa mganga, mtu mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi na viatu vya ofisini, ungedhani karani wa benki. Alifika kizingiti cha stoo, akasimama, jasho likamtoka.

“Nani amelipanga gari humu ndani?”

“Gari gani?” baba akasema. “Hivi ni vipuri.”

“Matairi pembe nne. Usukani dirishani. Kiti cha nyuma kinatazama mbele. Mzee, usinifanye mtoto.” Akashusha sauti. “Gari lenu mlilinunua na mwenyewe yumo. Jini la safari. Halina ubaya, mradi lina barabara. Ninyi mmelihamisha kidogo kidogo, miaka yote hii, kama mtu anayehama nyumba kwa toroli.”

“Hakuna bodi humu,” Digrii akabisha. “Gari bila bodi si gari.”

“Bodi ni hizi kuta, binti.”

“Linataka nini?”

“Gari linataka nini? Abiria.”

Nyuma ya rafu kitu kikapoa. Ti.

Mganga akachukua plagi moja, akaitia mfukoni, akasoma maneno yake huku akitembea kinyumenyume mpaka getini. Alipotia mkono mfukoni, mfuko ulikuwa mtupu. Plagi ilikuwa rafuni, lebo yake ikicheza bila upepo.

“Limeota mizizi,” akasema, na uso wake haukuwa tena wa karani. “Nitarudi Jumapili na wenzangu, peke yangu siliwezi. Mpaka hapo, mtoeni mama chumba kile. Na sikilizeni: kuna kitu kimoja cha asili bado kiko nje, kwenye gari. Swichi ya ufunguo. Bila hiyo jini linanguruma tu, haliondoki. Isiingie humu. Mmenielewa?”

“Stoo yangu haijawahi kupoteza hata nati,” baba akanung'unika.

“Siku ikipoteza, haitaanza na nati.”

Digrii akamhamishia mama sebuleni siku ileile, kitanda na dawa na kila kitu, akalala sakafuni mkono wake umeshika wa mama.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, alizungusha ufunguo na Bibi Harusi hakukohoa hata kidogo. Moshi mwembamba ukatoka chini ya usukani. Daktari alikuja mbio na pajama, akaegemeza bisibisi yake, akachungulia, akakuna kichwa.

“Swichi ya ufunguo. Imeungua.”

Digrii alimshika bega. “Unganisha waya tu, Daktari. Liwashe kama wezi wanavyowasha.”

“Nimejaribu. Inakula fyuzi. Lazima itoke, nina nyingine hapa.”

“Basi ikitoka, itupe mtaroni. Usimpe baba, nilishakwambia ya mganga. Niapie.”

“Naapa.”

“Hapana, niapie kwa watoto wako!”

“Kwa watoto wangu, Digrii. Kwani mimi chizi?”

Ndipo simu ikalia. Muuguzi: mko wapi, kitanda chenu kinangojewa na mwingine, nawapa mpaka saa mbili. Digrii akasogea ukutani akimwomba, dada yangu tafadhali, tunakuja, please, tuko njiani. Akageuka kutazama. Daktari alikuwa amechuchumaa, kichwa chini ya dashibodi, anafunga swichi mpya kwa mkono wa kulia. Kiganja cha baba kilikuwa kimenyooshwa dirishani, juu, wazi, kama siku zote. Na mkono wa kushoto wa Daktari, mkono uliofanya hivyo miaka kumi na minne bila kumuuliza mwenyewe, ukafuta kitu kidogo kwa kitambaa, ukakiweka kiganjani.

“Daktari!”

Daktari akainua kichwa. Akatazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Baba alishaingia ndani, hatua za mtu anayekwenda kazini, uzi na lebo tayari vidoleni, na Digrii akakimbia, akajikwaa kizingitini, akasikia funguo za stoo zikicheka kwenye kishada chake, akapiga kelele baba usiingie, baba weka chini, na sauti yake ikamezwa na sauti nyingine, laini, tamu, sauti ya injini mpya inayowashwa mara ya kwanza asubuhi bila hata kusita, ikanguruma ndani ya nyumba mpaka vikombe vikatembea mezani na vioo vikalia na moshi wa buluu ukapita chini ya mlango ukitambaa kama paka, na katikati ya moshi huo akamwona mama, mama ambaye tangu masika hajasimama bila kushikwa, anatembea wima ukumbini, nywele amechana, anatabasamu kwa aibu ya mtu aliyewachelewesha wenzake.

“Nimezipata,” mama akasema, akaonyesha miguu. Alikuwa amevaa ndala.

Digrii akamshika mkono. Alikuwa ameushika, muelewe hilo, ameushika kwa mikono miwili, na bado akabaki na joto tu, kama joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Mlango wa gari ukafungwa, ule mlio wa zamani wa bati zito. Gia ikaingia. Ngurumo ikaenda mbali, mbali, ndani ya ukuta, mpaka ikawa kama nzi katika chupa. Kisha kimya.

Baba alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, lebo mkononi. Rafu zote tupu. Hapakuwa na nati. Sakafuni alama mbili za matairi zilianzia mlangoni, zikaenda moja kwa moja mpaka chini ya dirisha, na ukuta haukuwa na hata ufa.

Nje, Daktari alikuwa amegusa ufunguo mpya. Bibi Harusi aliwaka mara moja.

Na tangu hapo hajawahi kuzimika. Mvua, jua, mlima, anawaka kwa kidole. Daktari hachukui tena kazi ya mtu yeyote anayetaka kurudishiwa kipuri; anatembea mkono wa kushoto umo mfukoni. Mganga alikuja Jumapili na wenzake wawili, wakaingia stoo, wakasikiliza, wakatoka wakivaa viatu haraka. “Humu hamna kitu cha kufukuza,” alisema. “Kimekwenda. Na kina njia yake ya kurudi.” Ni kweli. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa tisa alasiri, katika stoo tupu, chuma kinapoa. Ti... ti... ti. Kisha mtu anavuta ndala sakafuni, taratibu, mpaka ukutani, na kusimama. Ukifungua mlango, hamna. Baba haufungui. Ameandika lebo moja tu, ameitundika kwenye msumari: Mke wangu. Ametoka. Hajarudi.

Digrii, aliyekwisha kuandika barua mia za kuomba kazi, aliandika ya mia na moja, hakuomba kitu. Aliibandika kwenye geti la zahanati, mitaa miwili kutoka kwao, ambako dirishani unaiona ile mashine bado imevaa plastiki yake kama maiti wa heshima. Inasomeka hivi:

Kwa mnaohusika, na mnajijua. Yah: kipuri kimoja. Baba yangu ana kosa lake, na fundi ana lake, nao wanalilia kila siku saa tisa. Ninyi mnalia saa ngapi? Mlimwona mama akipita mbele ya geti hili mara tatu kwa wiki, anapelekwa mji mwingine kufuata damu yake mwenyewe, ndani ya gari lililokuwa linamsikiliza. Ifunueni mashine. Kifungeni kipuri leo, si mwezi ujao, leo. Kisha njooni nyumbani kwetu, wote, na sahihi zenu na mihuri yenu, saa tisa alasiri, mbishe hodi kwenye ule ukuta. Mleteni.