Theluthi ya Mjane

Jumanne tarehe 9 Novemba 1847, saa kumi alasiri, Keziah Thrall alikwenda kisimani akakuta theluji imetobolewa. Vitundu vya mviringo vilitoka mlango wa mashariki, vikafika kisimani, vikarudi. Nyayo hazikuwepo. Vilikuwa vitundu vya fimbo, na mwenye fimbo, mama yake, alikuwa amezikwa mwezi uliopita.

Baba yake Keziah alipofariki, watu wa mahakama walikuja na kamba za kupimia wakamkatia mjane theluthi yake: kipande cha shamba, chumba cha mashariki, upande wa jikoni wenye tanuri, na njia ya kisimani. Vyake hadi kufa. Vilivyobaki vilikuwa vya Eliab, kaka yake Keziah, mwana wa kiume. Walichora mstari wa chokaa sakafuni jikoni, na mama, kwa kinyongo alichokuwa nacho kwa mwanawe, hakuuvuka hata siku moja. Keziah aliachiwa ng'ombe mmoja, ambaye alikwisha kufa. Alimuuguza mama miaka tisa ndani ya theluthi ile, akimsugua kifua kwa kafuri, na Eliab aliapa kando ya kitanda kwamba chumba kile kitakuwa cha dada yake mpaka azeeke.

"Kaka," alisema aliporudi na ndoo, "kuna mtu amepita njia ya mama."

Eliab alicheka. "Labda ni mchumba wako. Kachelewa, lakini kaja." Kisha akainama kuchochea moto. "Nimeuza, Kezi. Shamba lote. Tolman anahamia Jumatatu."

"Na chumba changu?"

"Chako kwa hati ipi? Theluthi ilikuwa ya mama. Mama kafa, imerudi kwangu."

"Uliapa mbele yake!"

"Mgonjwa huambiwa anachotaka kusikia, dada yangu. Ulitaka afe na hasira?"

Keziah aliingia chumbani akajifungia, akalia mpaka giza likaingia. Ndipo aliposikia harufu ya kafuri. Kisha fimbo: ko, ko, juu ya mbao. Hakuogopa. Alifikiri, mama amerudi kunitetea.

"Nani yumo chumbani mwangu?"

"Ni mimi, mama," alinong'ona. "Keziah. Eliab ametuuza."

Blanketi likaanza kuvutwa taratibu kutoka miguuni, na kile kitu kikapanda kitandani kwa uzito uleule aliouinua kila asubuhi kwa miaka tisa, kikamwekea kifuani mkono wa baridi wenye utelezi wa kafuri, mkono alioujua kucha kwa kucha kwa sababu yeye ndiye aliyezikata kucha zile, na pumzi ikamfikia sikioni, kavu, bila hasira, kama mtu anayemfukuza kuku mlangoni, ikasema:

"Toka. Wewe hukukatiwa hapa."

"Mama, nimekulisha kwa kijiko..."

"Toka."

Alianguka sakafuni, akafungua mlango, akatambaa jikoni huku fimbo ikigonga nyuma ya visigino vyake, akaupita mstari wa chokaa, na fimbo ikasimama pale pale, upande wa pili, ikagonga mara moja moja hadi kulipokucha.

Asubuhi Eliab alishuka na nyundo, akavuka mstari. Tolman alitaka chumba kiwe wazi, kwa hiyo kitanda kilipaswa kuvunjwa.

"Mbona umelala kwenye majivu kama paka?" Alipofika mlangoni alisita, akanusa. "Harufu gani hii? Kuna kitu humu?"

Keziah alijipangusa majivu, akavuka mstari, akasimama kando ya kaka yake. Alimtazama usoni kwa muda mrefu.

"Kafuri tu, kaka. Chumba kitupu."

Akamfungulia mlango. Eliab alipoingia, Keziah aliurudisha polepole, jinsi unavyofungwa mlango wa mgonjwa aliyepata usingizi, kisha akauegemea kwa mgongo wake wote.