Waya Mpya wa Simu ya Bwenini

Jumamosi asubuhi, watoto wenzake wa Chang'ombe wanapofua sare, Yusra hubeba mkoba wa mama yake na kumfuata kazini. Mama yake, Bi Rukia, ni fundi wa simu za mezani na za ukutani. Yusra mwenyewe ameshajua kutumia mita ya kupimia. Waya ukiwa mzima, mita hulia tii! Ukiwa umekatika, hunyamaza. Ndiyo hivyo tu, wala hakuna uchawi.

Jumamosi hii kazi ilikuwa shuleni kwake, kule Mkonze, anakosoma kutwa. Simu ya bweni la wasichana ilikuwa imekufa. Usidhani ni jambo dogo! Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu za mkononi, kwa hiyo mtu akiugua, ile ya ukutani ndiyo ya kumwitia matroni. Na wiki hiyo aliugua Priska, mwenye pumu, anayekaa dawati moja na Yusra. Kifua kilimbana, wenzake wakapiga simu, simu kimya. Ikabidi wakimbie huku wakipiga kelele mpaka Matroni Zipora akawasikia, akaja na dawa.

Mzee Gideoni, baba yake Priska, alikuwa amefika kutoka Mpwapwa. Alikaa ofisini kwa matroni, mkabala na matroni mwenyewe, begi la binti yake miguuni, keshalifunga zipu.

"Shikamoo, baba," Yusra alimsalimia.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia Bi Rukia. "Mama Yusra, simu ikipona leo, Priska atabaki. Isipopona, naondoka naye. Pumu haingoji mtu."

Bi Rukia alifungua mtambo wa simu ulioko ofisini. "Tutapima kipande kwa kipande, hatubahatishi," alisema. "Mimi naenda kupima simu ya bwenini na waya mrefu wa nje. Yusra, wewe pima huu mfupi, unaotoka kwenye mtambo kwenda kwenye kisanduku cha ukutani, pale waya wa nje unapoanzia."

Yusra aliutazama waya ule. Ulikuwa mpya, mweupe pe, umewekwa juzijuzi ofisi ilipopakwa rangi. Ah, waya mpya utakuwa na nini? Tena Priska alikuwa dirishani, macho mekundu kwa kulia. Yusra akaiacha mita mezani, akaenda kumbembeleza rafiki yake.

Bi Rukia alirudi na vumbi mpaka kwenye kope. "Simu nzima. Waya wa nje mzima. Lakini kwenye kisanduku umeme haufiki. Huo mfupi je?"

"Mzima, mama," Yusra alijibu.

Bi Rukia akashusha pumzi. "Basi itakuwa kadi ya mtambo, ile inayopeleka umeme kwenye waya, imeungua. Hapa Dodoma haipatikani, mpaka niagize Dar es Salaam. Wiki mbili hivi."

Mzee Gideoni aliinuka, akashika begi, akamwita Priska. Priska akaanza kulia upya.

Njia ya mwongo ni fupi, nayo ya Yusra ilikuwa imeishia hapo.

"Mama! Sikuupima!"

"Hukupima nini?"

"Huo waya mfupi. Niliona ni mpya, nikasema tu ni mzima."

Aibu iliyoje! Yusra alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama yake alimkazia macho, kisha akamnyooshea mita. "Pima sasa hivi. Mzee wangu, tuvumilie kidogo."

Yusra alichomoa waya ncha zote mbili. Ndani mlikuwa na nyuzi mbili za shaba. Uzi wa kwanza, tii! Uzi wa pili, kimya. Akafuta ncha za mita kwenye sketi, akarudia. Kimya vilevile.

"Umekatika! Mama, umekatika kwa ndani!"

Bi Rukia alitoa waya mwingine mkobani. Kabla hajausogeza ukutani, Yusra alikuwa ameshaushika. Tii! Tii! Huo ulikuwa mzima kweli. Wakauchomeka, na Priska akatimua mbio kwenda bwenini. Ofisini wote wakaikodolea macho simu ya matroni.

Ngriiing!

Matroni Zipora aliinyakua. "Haloo?"

"Matroni!" Sauti ya Priska ilisikika mpaka mlangoni. "Mwambie baba aache begi langu!"

Matroni akapiga vigelegele. Mzee Gideoni alicheka mpaka akakaa. Alifungua begi, akatoa karanga za kukaanga alizofunga kwa safari, akamjazia Yusra viganja vyote viwili. "Kula, mwanangu. Safari imekufa."

Bi Rukia aliuinua ule waya mbovu. "Yusra, waya kukatika si kosa la mtu. Lakini ukisema umepima na hujapima, sisi wote tunatafuta ubovu mahali usipokuwepo. Leo ungempoteza rafiki yako kwa neno moja. Hujapima? Sema hujapima. Kusema ukweli mbele ya watu wazima si jambo rahisi, na kwa hilo nakupongeza."

"Nimesikia, mama. Sirudii tena."

Ngriiing! Simu ililia tena. Matroni aliirukia. "Nani anaumwa?"

"Hakuna, matroni," alijibu Priska kwa furaha. "Napima tu!"