Mstari wa Kila Asubuhi

Mwaka ule wa 1986 Redempta hakuwa na sabuni, hakuwa na kandambili, hakuwa na sukari ya kutia kwenye uji, wala hakuwa na daftari. Maduka ya Babati yalikuwa rafu tupu. Kila siku akitoka shule alipita ofisi ya mradi wa mbegu, akamngoja baba yake, karani Eustace, warudi pamoja nyumbani Maisaka.

Eustace alitunza orodha ya wakulima katika kompyuta iliyotumia mfumo uitwao Unix. Kila jenereta ilipowashwa, mashine ile ilikuwa imesahau maelekezo yote ya jana. Ilibidi aiandikie mstari mmoja mrefu wa kuielekeza kwenye maktaba, yaani mahali zilipowekwa sehemu za programu ya orodha. Herufi moja ikikosewa, orodha haifunguki. Mstari huo fundi wa Arusha alimwandikia kwenye karatasi.

Jumapili Redempta aliikuta karatasi hiyo mezani nyumbani, akafanyia hesabu za shule upande mweupe. Jumatatu, mwalimu alipokwisha kusahihisha, Redempta hakumkuta baba yake ofisini; alirudi nayo nyumbani, akamkuta anaitafuta hadi mvunguni mwa kitanda. Hofu ikamshika. Akaisukumiza jikoni kwenye moto.

Jumatano, mlangoni pa ofisi, alimsikia mkuu wa mradi, Mama Aikande.

“Karatasi ina miguu, Eustace?”

“Mama, Jumapili nilikuwa nayo.”

“Siku tatu mashine inasema haioni maktaba! Umeiharibu. Naandika barua hii Arusha uachishwe kazi.”

Eustace alibaki akitazama viganja vyake. Redempta hakuwahi kumwona hivyo; akaingia.

“Shikamoo, mama. Ni mimi. Niliifanyia hesabu, halafu nikaichoma.”

Kisha baba akauliza polepole, “Ulipata ngapi?”

“Mbili kwa kumi.”

“Basi kazi yangu imekwenda kwa maksi mbili.”

Mama Aikande aliyafuta kwa mistari maneno aliyoandika, akageuza karatasi ileile, maana nyingine haikuwepo. Akaandika kuwa karani hana kosa, na kwamba waletewe ule mstari, nakala mbili.

“Mwanangu,” alisema, “ungesema Jumatatu, ungechapwa yakaisha. Kuficha ndiko kulikotaka kummaliza baba yako. Mashine isiyoelekezwa haioni, na watu wasioambiwa ukweli nao hawaoni.”

“Na mpaka jibu lije, mama?” Eustace aliuliza.

“Tutakaa tu. Tufanyeje?”

Bahasha ya barua hiyo ilikuwa kuukuu, imegeuzwa ndani nje. Gundi haikuwepo. Redempta alileta tonge la ugali, akalipaka ukingoni, akaubana kwa ngumi mpaka ukashika. Kisha akakimbia stendi, akamkabidhi bahasha utingo wa basi la Arusha.