Hukumu ya Watu Wawili

Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki ya miguu ya bandia, na ukumbi ulifurika. Magongo yaligongana, watoto walilia, muuguzi aliita wagonjwa mpaka sauti ikamkauka. Mshonaji, kilemba cha zambarau kichwani na tepu ya kupimia shingoni, alisimama ukutani akimsubiri mdogo wake aliyekuwa ndani akipimwa mguu mpya.

Mlango wa nyuma ukasukumwa. Seremala akaingia na mbao begani, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alikuja kufunga vishikio vya kufundishia watu kutembea.

"Njia, jamani, njia! Samahani, da..."

Akamtambua.

"Malizia," mshonaji alisema. "Dada. Au umesahau kwamba ulitaka kunioa?"

Miaka sita nyuma, harusi yao ikiwa imebaki mwezi mmoja, seremala alimpakia mdogo wa mchumba wake kwenye pikipiki waende kujaribu magauni. Alikwenda mbio, akayumba, lori likawapitia. Yeye alichubuka viwiko. Msichana alikatwa mguu chini ya goti. Seremala alifika hospitali, akasikia kilio cha mama yao wodini, akageukia mlangoni. Hakuonekana tena.

"Mnaendeleaje nyumbani?" aliuliza sasa, macho chini.

"Tuko watu watatu, miguu mitano."

Wagonjwa benchini wakageuza shingo.

"Shemeji!" Mdogo mtu alikuwa ametoka, gauni la njano, tabasamu sikio hadi sikio. Kwa jinsi alivyopenda kusema, walimwita Chiriku.

"Huyo si shemeji yako!" dada yake alifoka.

"Basi nitamwitaje, mgonjwa mwenzangu? Shem, nipe namba yako."

Alhamisi mchana simu ya mshonaji ikaita.

"Chiriku kanipa namba," seremala alisema.

"Nitamkata ulimi."

"Nataka kuomba msamaha."

"Omba, kisha ukate simu."

"Sijaoa. Kanisani nakaa benchi la nyuma kabisa, na meza ya Bwana siikaribii. Najiona sistahili."

"Ni kweli hustahili."

Mshonaji ndiye aliyekata. Lakini aliporudi kwenye cherehani, alishona mkono wa gauni nje ndani.

Jumamosi Chiriku akamwita seremala kurekebisha meza ya kushonea. Dada hakuambiwa kitu.

"Toka dukani kwangu!" alipiga kelele alipomwona na msumeno wake.

"Meza inayumba, dada. Muache," Chiriku alisema.

"Ulitukimbia!" Mshonaji alimrushia seremala kipande cha kitambaa, kikamwangukia miguuni. "Mama alikuita, ukampa mgongo!"

"Nilikimbia. Sina la kujitetea."

"Mimi nina swali moja tu, shem," Chiriku aliingilia. "Siku ile, juu ya pikipiki, ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Ujinga wangu tu."

"Mwongo!" Mshonaji alipaza sauti, machozi yakamtoka. "Mwambie! Mwambie ni mimi niliyekupigia!"

Chiriku akageuka kumtazama dada yake.

"Nilimpigia mkiwa njiani," alimwambia mdogo wake. "Nikamtukana. Nikamwambia mkichelewa tena, harusi basi. Alikuwa na visikizi masikioni, hukujua. Kishindo nilikisikia kwenye simu." Akamgeukia seremala. "Mbona hukusema? Miaka yote sita?"

"Aliyeshika usukani ni mimi."

Chiriku akavuta kiti, akakaa. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Kumbe nililia peke yangu miaka miwili, na tulikuwa watatu," alisema polepole. "Nilimchukia Mungu kwanza, kisha shemeji. Mpaka siku moja nikamwambia Yesu, chukua huu uchungu, nimechoka kuubeba. Akauchukua. Sasa nyinyi mnamfuata nyuma mnamnyang'anya! Msalaba umetosha kwa mguu wangu, hautoshi kwa simu yenu? Nani aliwapa kiti cha hakimu?"

Akasimama, akamgeukia dada yake.

"Dada, kunificha kumeniuma kuliko lori. Nimekusamehe. Lakini leo usinisemeshe."

Akatoka, hatua zake zikisikika barazani, moja nzito, moja nyepesi.

Seremala alipiga magoti palepale katikati ya vipande vya nguo. Baada ya kitambo, mshonaji akapiga magoti pia, mbali naye, akiutazama ukuta.

"Bwana, ni mimi niliyepiga simu ile," alisema. Hakuwahi kuyatamka hayo hata katika sala. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyetua gunia kisha mgongo ukakataa kunyooka.

"Na mimi nilikimbia," seremala akasema. "Nimechoka kujihukumu. Nakuachia Wewe."

Waliposimama, hawakukumbatiana.

"Bado nina hasira na wewe," mshonaji alisema. "Tungelia wote, ukaniacha nilie peke yangu."

"Najua, mpenzi."

"Usiniite mpenzi."

"Nikuiteje?"

"Bado nafikiria." Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Mama yuko nyumbani. Aliapa siku akikuona atakumwagia maji."

"Ya moto?"

"Hakusema."

Seremala aliuweka msumeno chini, akajikung'uta vumbi kwenye shati.

"Basi nipeleke."

Mshonaji akafunga duka, akatangulia. Walipofika kwenye kona alipunguza mwendo, akamngoja.